Diski ina nafasi kibao ila mwanafunzi anaambiwa "Disk quota exceeded", nimekwama wakuu

kibarua_wa_seva

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada kwa yeyote anayezijua kwota za Linux (vile vikomo vya nafasi ya diski kwa kila mtumiaji) maana hapa nimeshamaliza chupa nzima ya chai na bado sielewi.

Iko hivi. Nasimamia seva ya maabara kwenye chuo kimoja (jina tuliache), ni Debian, wanafunzi wanaingia kwa ssh (kwa mbali, kupitia mtandao) wanafanya mazoezi yao ya C na Python humohumo. /home, yenye folda za wanafunzi, ina patisheni yake (kipande chake cha diski), mfumo wa mafaili ni ext4. Kila mwanafunzi ana kikomo laini cha 2GB na kikomo kigumu cha 2.5GB, ndivyo nilivyoikuta na haijawahi kunisumbua.

Sasa wameingia mwaka wa kwanza, nikawafungulia akaunti 40. Siku ya nne ndo wakaanza vitendo, na siku hiyohiyo akaja binti mmoja ofisini anasema hawezi kusevu hata faili la mistari kumi. Mi nikamjibu kwa mazoea tu, dada nenda kafute muvi zako, hii seva sio ghala. Akanitazama. Akasema mimi hata sijaweka kitu, ndo leo naingia mara ya kwanza. Nikajua ni wale wale, nikaenda naye kwenye mashine ili nimuumbue, nikaumbuka mimi:

```
$ echo habari > jaribu.txt
bash: echo: write error: Disk quota exceeded
$ du -sh /home/bsc1_07
16K     /home/bsc1_07
$ df -h /home
Size  Used Avail Use%
885G  402G  438G  48%
```

Yaani ana 16K! Ni vile vifaili vya .bashrc na wenzake tu. Na diski nusu nzima iko wazi. Nikacheki repquota (ripoti ya kwota) kama root, yaani msimamizi mkuu:

```
bsc1_07  +-  2498304  2097152  2621440  none   6120   0   0
```

Seva inasema binti ana 2.4GB. Ziko wapi sasa? Mpaka jioni wakaja wengine watano wana shida hiyohiyo, ila wengi wa darasa lao wako freshi wanafanya kazi bila tatizo. Nimerestati seva, wapi. Nimemfuta mmoja nikamfungua upya, wapi, karudi na tatizo lake. Nini hiki?

---

Mtoto_wa_Makorora

Ngoja wajuzi waje

---

mdau_huru

Mkuu si uwaongezee tu kikomo maisha yaendelee, diski ina nafasi nusu unabana watoto wa watu 2GB kwani hiyo diski ni ya baba yako 😂 kwota zenyewe mambo ya kizamani, siku hizi diski bei chee

---

Mzee_wa_Terminali

mdau_huru, mambo ya kizamani ndiyo, yamo kwenye Unix tangu 4.2BSD ya 1983 na aliyeyaandika, Robert Elz, alikuwa Chuo Kikuu cha Melbourne, chuoni sio benki. Ukishakaa na wanafunzi wiki moja utajua kwa nini. Toa kwota leo, kesho kutwa mtu mmoja amejaza 438GB zote na darasa zima limesimama.

Turudi kwa muulizaji. Jambo la kwanza, hiyo meseji isome vizuri. Diski ikijaa yenyewe unaambiwa "No space left on device". Hii yako ni "Disk quota exceeded", kwa hiyo df, inayoonyesha nafasi ya diski nzima, haina msaada wowote hapa, usihangaike nayo. Keneli (kiini cha Linux) inakwambia huyu mtu kwa hesabu zangu amevuka.

Kuna vitu viwili vinavyofanya du (inayojumlisha ukubwa wa mafaili kwenye folda) na kwota visikubaliane. Kimoja ni faili lililofutwa huku kuna programu bado imelishika. Mtu anafuta logi la 2GB, jina linapotea kwenye folda, du hailioni tena, lakini nafasi haijarudi mpaka ile programu ifungwe, na kwota inaendelea kumhesabia. Piga hii kama root:

```
lsof +aL1 /home
```

Cha pili, hesabu yenyewe ya kwota inaweza kuwa imeharibika, hasa kama seva ilizimika umeme ukakatika ghafla. Hapo unaendesha quotacheck ihesabu upya diski nzima. Zima kwota kwanza, na asiwepo mtu ndani.

---

mdau_huru

au piga `quotacheck -avugmf` sasa hivi uone, dakika mbili tu mbona mnazunguka

---

Mzee_wa_Terminali

Usifanye hivyo!! Hiyo -f ina maana "lazimisha hata kama kwota imewashwa". Wewe unahesabu huku watu 80 wanaandika na kufuta, quotacheck ikishapita kwenye faili haigeuki nyuma, mwisho unapata namba za uongo na sasa una matatizo mawili badala ya moja. Na wenyewe walioandika mwongozo wake wamesema haipendekezwi.

Subiri usiku wakishatoka:

```
quotaoff /home
quotacheck -ugm /home
quotaon /home
```

Ukiweza kutoa hiyo -m, ili quotacheck iifanye /home iwe ya kusoma tu wakati inahesabu, ni bora zaidi.

---

kibarua_wa_seva

Shukrani mzee. lsof haijaleta kitu, na kweli kama nilisharestati basi hakuna programu iliyobaki imeshika faili, nilitakiwa nijiongeze hapo.

quotacheck nimefanya saa tano usiku maabara imefungwa, imetafuna kama dakika ishirini na kitu. Nikasema sasa hapa namba itashuka. Nikapiga repquota: 2498304. Ileile, haijapungua hata kilobaiti moja. Kwa hiyo mashine imehesabu kuanzia mwanzo na bado inasema binti ana 2.4GB. Nimeanza kuamini kuna mkono wa mtu hapa.

---

buda_wa_xfs

Niaje wadau, mimi niko Nairobi, seva yetu ni XFS si ext4 so hatutumii quotacheck kabisa, XFS inajihesabia yenyewe wakati wa kumaunti (kuiunganisha diski kwenye mfumo), unaangalia na `xfs_quota -x -c 'report -h' /home` imeisha hiyo. Ila chunga usije ukadhani utaongeza usrquota kwa kuremaunti tu kama ext4, haikubali, lazima uitoe na kuirudisha, na kama unataka kwota kwa / yenyewe inabidi uandike rootflags=uquota kwenye buti. Ilinichukua wikendi nzima kujua hiyo.

Kwa shida yako sijui, ila naona hao watu wako na faili 6120 hapo kwa laini. Mtu ana 16K na faili elfu sita?

---

dada_wa_netiweki

buda_wa_xfs umegusa penyewe. Kaka kibarua nimesoma hii thredi nikiwa kwenye daladala nimecheka mpaka konda kaniangalia, maana mimi yalinikuta na nililia. Hebu tuisome ile laini ya repquota pamoja, iko wazi kuliko unavyodhani.

Safu ya kwanza ya namba 2498304 ni kilobaiti, sawa ni 2.4GB. Kikomo laini 2097152 ni 2GB kamili. Kikomo kigumu 2621440 ni 2.5GB. Sasa angalia, 2498304 HAIJAFIKA kikomo kigumu. Bado kuna kama mega 120 hapo katikati. Kwa nini basi anakataliwa kuandika hata neno "habari"? Kwa sababu ya hilo neno "none". Hiyo ni safu ya siku za msamaha: ukivuka kikomo laini unapewa muda wa kupunguza, ukiacha kama ilivyokuja ni siku 7, zikiisha kikomo laini kinageuka kigumu, huandiki tena kitu. Ukiona "none" ujue siku zimeshaisha.

Sasa kaka nijibu. Akaunti ina siku nne. Siku saba zimeishaje?

Na swali la pili. Vikomo vya hawa 40 uliviweka wewe kwa mkono wako baada ya kuwafungulia, au ulivikuta?

Na la tatu, wahitimu wa mwaka jana uliwafanyaje?

---

kibarua_wa_seva

Dada umenitisha. Najibu.

Vikomo nilivikuta. Nilipomaliza kufungua akaunti nikataka kuweka kwota, nikapiga repquota nikaangalia za juu nikaona tayari wana 2GB na 2.5GB, nikajua tu mwenzangu alishaweka skripti ya kufanya hivyo yenyewe, nikafunga nikaenda kula.

Wahitimu niliwafuta akaunti mwezi wa tisa. Mafaili yao sikuyafuta maana walimu wanasema miradi ya mwaka wa tatu itunzwe, nikayahamishia /home/_wahitimu kwa mv, yakae hapo.

---

dada_wa_netiweki

Basi tumemaliza. Piga hii:

```
find /home -xdev -user bsc1_07 ! -path '/home/bsc1_07*' | head
ls -ld /home/_wahitimu/* | head
```

---

kibarua_wa_seva

Aisee.

```
/home/_wahitimu/bsc3_22
/home/_wahitimu/bsc3_22/.cache
/home/_wahitimu/bsc3_22/mradi
/home/_wahitimu/bsc3_22/mradi/data
...
drwx------ 14 bsc1_07 bsc1_07 4096 ... /home/_wahitimu/bsc3_22
drwx------  9 bsc1_11 bsc1_11 4096 ... /home/_wahitimu/bsc3_25
```

Folda ya mhitimu aliyeshaondoka, mwenyewe anaonekana ni binti wa mwaka wa kwanza. Mbona sijawahi kumpa?

---

dada_wa_netiweki

Umempa bila kujua. Linux haijui majina, inajua namba. Yule bsc3_22 alikuwa na UID yake (namba ya mtumiaji), tuseme 1043. Ulipomfuta, jina lilitoka kwenye /etc/passwd (orodha ya watumiaji) lakini kila faili lake diskini bado limegongwa muhuri wa 1043. Na mv ndani ya patisheni moja haigusi faili, inabadilisha tu linapoandikwa kwenye folda, mwenyewe anabaki yuleyule. Ukaja kufungua akaunti mpya, ikapewa 1043 maana iko wazi. Kuanzia sekunde hiyo binti ndiye mwenye kila kitu cha yule kaka, pamoja na deni lake. Kwota inahesabu kila faili lenye namba yake kwenye patisheni nzima, du wewe uliiambia iangalie folda moja tu. Kwa hiyo hakuna kilichokuwa kinadanganya, ndo maana quotacheck imerudi na namba ileile.

Na ndo hivyohivyo kwa vikomo. aquota.user, faili linalotunza kwota, nayo inahifadhi kwa namba, haifutiki ukimfuta mtu. Vikomo ulivyovikuta ni vya wahitimu, na zile siku saba zilizoisha ni za mhitimu pia, aliondoka hapa akiwa amevuka 2GB. Wale wa darasa wasio na shida wamerithi watu waliokuwa wanakaa chini ya kikomo, ndo bahati yao. Na yule uliyemfuta ukamfungua upya alipata namba ileile, angeliepuka vipi tatizo lake.

Ila kuna kitu kinanishangaza, useradd kwa kawaida inachukua namba iliyo juu ya kubwa zaidi iliyopo, wahitimu wako ni wa zamani namba zao ziko katikati, zisingeguswa. Mwaka huu ulitumia nini?

---

kibarua_wa_seva

adduser 🤦 Miaka yote natumia useradd, mwaka huu nimechoka kuandika -m kila saa ili itengeneze folda, mtu akaniambia adduser inafanya yenyewe

---

dada_wa_netiweki

Ndo hapo. adduser ya Debian inaanza 1000 inapanda, inachukua ya kwanza iliyo wazi. Mashimo yote ya wahitimu imeyaziba na watoto wako.

Na kaka, kwota ndo dogo hapa. Hiyo ruhusa ni drwx------, yaani mwenye folda tu ndiye anayeingia, na mwenye ni binti. Akijua njia anaweza kufungua mradi wa mwaka wa tatu wa mtu akaunakili wote akausubiri mwaka wake wa tatu, au akaufuta. Ungemwambia "futa mafaili yako" akapiga find kama uliyopiga wewe akafuta kweli, ungeenda kuwaelezaje walimu? Rekebisha leo:

```
adduser --system --group --no-create-home mhifadhi
chown -R mhifadhi:mhifadhi /home/_wahitimu
```

chown inabadilisha mwenye mafaili na inahamisha hesabu papo hapo, huna haja ya quotacheck wala kurestati. Usimwekee mhifadhi kikomo chochote.

Halafu msimu ujao usifute akaunti, zifunge tu. `usermod -L` peke yake haitoshi maana mtu mwenye ufunguo wa ssh anapita bila nywila, ongeza `chage -E 1 jina`, inayoifanya akaunti ionekane imeisha muda. Jina linabaki, namba inabaki na mwenyewe. Au kama lazima ufute, basi kila mwaka wape namba zao, mwaka huu 3000, mwakani 4000, adduser ina --firstuid kwa kazi hiyo. Na kwenye /etc/adduser.conf kuna QUOTAUSER, unaweka jina la mtumiaji mmoja wa mfano, kila akaunti mpya inanakili vikomo vyake.

---

Mzee_wa_Terminali

Nimevua kofia dada. Mimi nilikuwa nang'ang'ana na hesabu kumbe hesabu iko sawa. Niongeze moja tu, kibarua angalia wale wengine wa darasa lao kwa repquota yote usiangalie za juu tu. Ulifungua 40, wahitimu uliowafuta walikuwa wangapi?

---

kibarua_wa_seva

28.

Subirini.

---

kibarua_wa_seva

Nimerudi. Kwanza chown imepita, bsc1_07 sasa anasoma 16 badala ya 2498304, "none" imepotea na alama ya + (ya kuvuka kikomo) imetoka. Nimempigia akajaribu nikiwa naye kwenye simu, imekubali. Nimemwomba radhi kwa yale ya muvi. Kasema "sawa" kwa ile sauti ya dada zetu ambayo unajua kabisa sio sawa.

Sasa la mzee. 40 toa 28 ni 12. Hao 12 mashimo yaliwaishia wakapata namba mpya ambazo hazijawahi kuwa na mtu, kwa hiyo hawakurithi chochote, hata vikomo:

```
bsc1_33  --       16  0  0        4   0   0
bsc1_34  -- 49283072  0  0       61   0   0
bsc1_35  --       20  0  0        5   0   0
```

Sifuri maana yake hakuna kikomo. Na hebu angalieni huyo wa 34. Ni 47GB, faili 61. Nimeingia kuangalia, ni muvi tupu, tena amezipanga kwa folda, za kutafsiriwa zake na zisizotafsiriwa zake. Huyu hajawahi kuja ofisini kulalamika.

---

mdau_huru

😂😂😂 mwacheni kijana aishi, zilizotafsiriwa ziko folda gani mkuu

---

Mtoto_wa_Makorora

Kumbe muvi zilikuwepo kweli ila umekamata mtu mwingine

---

dada_wa_netiweki

Ukimwekea kikomo huyo 34 kwa setquota sasa hivi ataganda hapohapo, ameshavuka hadi kikomo kigumu, hataweza kuandika chochote mpaka ashuke. Mafaili hayafutwi lakini hawezi kusevu hata zoezi la darasani. Mwandikie kwanza, mpe mpaka Ijumaa. Hao 11 wengine waweke leo kwa mkupuo, unamtumia mwenye vikomo sahihi kama mfano:

```
setquota -p bsc1_07 bsc1_33 /home
```

Unazungusha kwenye for (kitanzi) kwa kila jina. Na kabla hujalala piga hii pia, patisheni nyingine nazo usizisahau:

```
find /var -xdev -uid 1043
```

na kwa kila namba ya wale 28. Zile za watu ambao hawakurithiwa utazipata kwa -nouser (mafaili ambayo namba yake haina mtumiaji).

---

kibarua_wa_seva

Nimepiga. Masanduku matatu ya barua kwenye /var/mail, ya wahitimu, ila sasa yanaonekana ni mali ya wanafunzi wapya. Moja lina barua ambazo hazijasomwa tangu mwezi wa sita. Nayahamishia kwa mhifadhi sasa hivi, na wa 34 nimeshamwandikia.